Usizike Laptopu Inayopumua

Kuna sentensi moja inayouzwa sana kati ya Thika na Ruiru kila wanafunzi wanaporudi chuo: "Hii imeisha. Wi-Fi imekufa, na mashine yenyewe ni ya zamani. Ongeza kitu kidogo uchukue nyingine." Inasemwa kwa upole, na mtu aliyeshika bisibisi, na kama hujui chochote utaitikia tu kwa kichwa. Mimi nasema ni uongo, tena uongo unaokula pesa za watu ambao hawana. Laptopu iliyokosa Wi-Fi haijafa. Imekosa kitu kimoja kidogo, na mara nyingi kitu hicho kinaweza kurudishwa na mtu yeyote anayejua kuchomeka chaja.

Najua kuna watakaouliza mada hii imetafuta nini kwenye jarida la fasihi. Si iende kwa mafundi huko? Haiendi. Jambo linaloamua nani atatuma insha yake kabla ya saa sita usiku, na nani atakesha akiandika kwa kidole gumba kwenye simu iliyopasuka kioo, ni jambo la wanaoandika na wanaosoma. Wangapi kati yenu wana hadithi nusu ndani ya mashine iliyolala chini ya kitanda?

Tuanze na kitu chenyewe. Watu wa umri wetu hudhani Wi-Fi ni sehemu ya laptopu kama vile macho yalivyo sehemu ya uso. Sivyo. Kiwango cha kwanza cha mawasiliano haya, 802.11, kilitoka 1997. Jina Wi-Fi lilikuja 1999. Hadi Intel ilipoanza kuuza Centrino, Machi 2003, na kuifanya Wi-Fi iwe kitu cha kawaida ndani ya laptopu, nyingi zilitoka kiwandani bila hiyo. Aliyeitaka alinunua kadi, akaichomeka ubavuni mwa mashine. Kwa hivyo kuongeza Wi-Fi kwenye laptopu si ujanja wa River Road. Ndivyo ilivyoingia tangu mwanzo.

Hata leo, katika laptopu nyingi za mitumba tunazonunua, Wi-Fi ni kadi iliyokaa peke yake chini ya kifuniko. Aina moja ya kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Imeshikwa na skrubu moja au mbili, na ina nyaya mbili nyembamba za antena zinazopanda hadi kando ya skrini. Basi. Kadi ikiungua, kilichoungua ni kadi. Prosesa haina habari. Kibodi haina habari. Ile hadithi yako ya kurasa arobaini iko palepale kwenye diski.

Nitoe mfano wa karibu. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuoni na anakaa bedsitter huko Kihunguro, Ruiru. Laptopu yake ni ya mtumba. Alinunuliwa alipomaliza KCSE. Muhula ulipoanza, Wi-Fi ikapotea, hata ule mchoro wa mawimbi kwenye kona ya skrini ukawa haupo. Akapanda matatu hadi Thika, akaingia duka moja lenye taa nyingi. Jamaa akaiwasha, akaizima, akamwambia, "Siz, hii usijisumbue nayo. Ni madabodi." Neno hilo likitajwa, mteja hunyamaza. Ni kama daktari akitaja moyo.

Kisha likaja suluhisho. Mashine nyingine, nayo ya mtumba, kwa mkopo: 6,000 za kuanzia, halafu 130 kila siku kwa mwaka mzima. Ikitajwa kwa siku inaonekana kama nauli. Sasa piga hesabu. 130 mara 365 ni 47,450. Ongeza zile 6,000 unapata 53,450. Bei ya mashine hiyo hiyo ukilipa taslimu ilikuwa 32,000. Na hizo 130 zingetoka kwa mama yetu, anayeuza mboga Makongeni, ambaye siku ya mvua faida yake yote haifiki 300.

Jioni akanipigia. "Bro, mum ashakubali." Nikamwambia asitie sahihi kitu chochote kwanza. Nikamwelekeza achukue kebo ya chaja, aunganishe simu yake na laptopu, kisha kwenye mipangilio ya simu awashe kushiriki intaneti kupitia USB. Dakika mbili hazikuisha, tovuti ya chuo ikafunguka, kwenye madabodi ile ile iliyokuwa imetangazwa marehemu asubuhi. Jumamosi tukanunua adapta ya USB, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, shilingi 850. Anaitumia hadi leo.

Toa 850 kwenye 53,450. Hizo 52,600 zilizobaki ndizo bei ya kutojua.

Sasa, sitaki tumalizie hasira yetu kwa yule jamaa wa dukani. Ana kodi ya kulipa, na huenda analipwa kamisheni kwa kila mkopo anaoufungua. Akikuchomekea adapta anapata faida ya mia mbili. Akikuuzia mashine anapata elfu kadhaa. Na sisi wateja tumemzoesha kupima bure. Tunaingia na mashine, tunasema "hebu niangalilie tu," tunataka saa nzima ya akili yake bila hata shilingi. Yeye naye atarudisha hiyo saa yake mahali pengine. Shida iko hapo: anayepima ugonjwa ndiye anayeuza jeneza. Lipa mia tatu za kupimiwa, uambiwe ni nini hasa kimeharibika, uandikiwe kwenye karatasi. Akikwambia "madabodi," mwulize, "Sehemu gani ya madabodi?" Asipojibu, beba mashine yako uende.

Halafu kuna sababu ya pili inayotufanya tuzike mashine hai, nayo inatoka kwetu wenyewe. Ni aibu. Laptopu nene, yenye stika ya ofisi fulani ya Uingereza chini yake, na kidude kimechomoza pembeni kama mkia. Ukiitoa kwenye mkahawa pale Ananas Mall unahisi kila mtu anaiangalia. Niliwahi kusikia msee akisema afadhali atumie simu kuliko kuonekana na "hiyo redio."

Manze, tumesahau haraka sana. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa, ikifuatwa mwaka huo huo na TEAMS, intaneti ilianza kuwa kitu cha watu wa kawaida. Na watu wa kawaida waliipata vipi kwenye laptopu? Kwa modemu ya USB. Kidude cha Huawei, chenye laini ndani yake, kilichochomoza ubavuni mwa mashine urefu wa kidole kizima na kumulika taa. Kaka na dada zetu walikivaa shingoni kwa kamba, wakakiazimana hosteli kwa foleni. Kuwa na modemu kulikuwa ni kuomoka! Kilikuwa mkia vilevile, tena mrefu kuliko huu wa leo. Teknolojia haikubadilika kiasi cha kuleta aibu. Kilichobadilika ni matangazo tunayotazama.

Mwenye duka atakuja na hoja ya kasi: "Hiyo adapta ni slow, na mashine ya zamani haiwezi." Haya, tupime. Adapta ya bei rahisi ya kiwango cha 802.11n, yenye antena moja, imeandikwa 150 kwenye boksi. Usiiamini hiyo namba, ni ya maabara. Sema inakupa 30. Sasa mwulize keateka wa ploti yako mnalipia kifurushi cha kasi gani. Kwenye ploti nyingi za Ruiru ni laini moja ya faiba, megabiti kumi hivi kwa sekunde, na mnagawana nyumba sita. Mkutano wa video hauhitaji hata 5. Kwa hivyo adapta ya 850 inaweza kubeba mara tatu ya kile ambacho ploti nzima inalipia. Anayekuuzia laptopu mpya kwa sababu ya kasi anakuuzia lori ubebe kikapu cha nyanya.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi. Adapta hizi ndogo hutumia masafa ya 2.4 GHz pekee, na mtu atakwambia hayo ni ya kizamani, taka 5 GHz. Lakini masafa ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi. Kama rauta iko kwa keateka, wewe uko nyumba ya nne, na katikati kuna kuta za mawe ya Ndarugo, hayo ya "kizamani" ndiyo yatakayokufikia. Ubaya wake ni msongamano, maana yana njia tatu tu zisizogongana, na ploti jirani zote zinazitumia. Mtandao ukisuasua jioni, keateka abadilishe njia kwenye rauta, iwe 1, 6 au 11. Ni bure.

Sasa nieleze mambo yenyewe, maana kelele bila maelekezo ni za kampeni.

Kabla ya kununua kitu, angalia kama Wi-Fi imezimwa tu. Laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni au mbele, na nyingine zina kitufe cha kubonyeza pamoja na Fn. Ikigonga begi kwenye matatu, inazimika. Kuna watu wamepeleka swichi kwa fundi.

Ikiwa kadi imekufa kweli, anza na kebo ya simu. Simu nyingi za Android zinaweza kupitisha intaneti kwa USB, na si ya bundles peke yake: simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya ploti, laptopu itatumia Wi-Fi hiyo hiyo kupitia kebo. Hakuna cha kununua. Na kama rauta iko karibu, kebo ya mtandao inayochomekwa kwenye lile tundu pana la laptopu za zamani ni bora kuliko Wi-Fi yoyote. Tundu ambalo mashine nyingi mpya hazina.

Hatua inayofuata ni adapta. Mtego wake ni draiva. Boksi huja na sidii ndogo, na laptopu yako haina pa kuiweka, au inapo lakini hapasomi tena. Windows inakwambia utafute draiva kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hiyo unayotafuta. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi dukani kununua mashine. Chomeka kebo ya simu kwanza, iache Windows ijitafutie draiva, kisha uchomoe. Ukitumia Linux, tafuta adapta yenye chipu ya Atheros AR9271. Linux nyingi huitambua papo hapo. Hakikisha pia kifaa kinaelewa ulinzi wa WPA2. Kadi za kabla ya 2006 nyingine haziuelewi, na hizo rauta ya leo itazifungia mlango.

Mwisho ni kubadilisha kadi ya ndani, na hapa fundi mzuri anastahili pesa yake. Mwambie akuoneshe umbo la kadi ya zamani kabla hujanunua mpya. Na mtahadhari na mapacha wasio ndugu: kadi za Intel AX200 na AX201 zinafanana kwa macho, lakini AX201 hufanya kazi tu kwenye mashine zilizotengenezwa kuipokea. Kwenye mashine ya zamani ni kipande cha plastiki.

Hapo kwenye kadi ya ndani ndipo unapogundua kwamba uongo wa dukani una baba yake. Kwa miaka mingi kampuni kama Lenovo na HP ziliuza laptopu zilizofichwa orodha ndani ya ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Orodha ya kadi za Wi-Fi zinazoruhusiwa. Ukiweka kadi nzima, ya umbo sahihi, lakini haimo kwenye orodha, ThinkPad ilikuandikia kosa namba 1802 na kukataa kuendelea. HP ilikuwa na kosa lake, namba 104. Sababu iliyotolewa ni kwamba redio na antena zake huidhinishwa pamoja na wadhibiti wa masafa. Sawa. Lakini adapta ya USB nayo ni redio, na orodha hiyo haiigusi. Sababu iliishia pale ambapo kufuli liliishia. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi zimepita hata hapo: kadi imechomelewa kwenye madabodi, kwa hivyo Wi-Fi ikifa, yule jamaa wa Thika atakuwa amesema kweli. Watakuwa wamemtengenezea ukweli.

Kwingine watu wameanza kukataa. Jimbo la New York lilitia sahihi sheria ya haki ya kutengeneza vifaa vya kidijitali Desemba 2022, na Umoja wa Ulaya ukapitisha yake 2024. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake. Ni hatua nzuri. Lakini sheria ya taka hukutana na laptopu ikiwa imeshaitwa taka. Mimi nataka sheria inayoikuta mezani kwa fundi, bado inawaka.

Na tusisahau tulipo. Katikati ya Ruiru na Thika kuna Juja, na Juja kuna JKUAT. Serikali iliyoahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013 iligeuza ahadi ikawa tabuleti, na JKUAT, pamoja na Positivo BGH, ikawa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuzileta, zikaanza kufika shuleni 2016. Yaani kwenye barabara hii hii ya matatu yetu kuna watu wanaojua kuunganisha vifaa vya taifa. Iweje basi mwanafunzi amalize chuo kwenye barabara hiyo bila kuoneshwa hata mara moja kadi ya Wi-Fi inafananaje? Tunafundishwa kufungua programu. Kufungua kifuniko, hapana.

Mgala muue na haki umpe. Kuna mashine zinazostahili kuzikwa. Kama skrini imepasuka, betri imevimba na bawaba zimeng'oka kwa pamoja, usimwage pesa. Toa diski, okoa kazi zako, peleka kilichobaki kwa wanaochakata taka za kielektroniki badala ya kuiacha ifike Dandora. Na kuna swali la usalama ambalo si la kudharau: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za mitumba hazina. Mashine isiyopata masasisho ikiunganishwa na mtandao ni nyumba isiyo na komeo. Lakini hata hapo jibu si mkopo wa moja kwa moja. Linux Mint ni bure, inapata masasisho, na kwa kuandika, kusoma na kutuma kazi, inatosha kwa mashine yenye gigabaiti nne. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wako unahitaji kushonwa ncha moja tu.

Kwa hivyo ninachodai si kikubwa. Duka linalouza laptopu kwa mkopo liandike bei ya taslimu na jumla ya mkopo kwa maandishi ya ukubwa mmoja, na limwoneshe mteja kwamba mashine aliyoleta imejaribiwa kwa kebo kabla ya kuitwa mfu. Vyuo vya huku kwetu viache matundu ya kebo yakifanya kazi kwenye maktaba, na vitenge Jumamosi moja kila muhula ambapo wanafunzi wa uhandisi wanawafungulia wenzao mashine. Mafundi walipwe kwa kupima. Na sisi tuache kumcheka mtu kwa sababu laptopu yake ina mkia.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu kwa sababu mashine yako iko chini ya kitanda tangu mwaka jana: itoe, pangusa vumbi, chomeka chaja. Ikiwaka, unganisha simu kwa kebo. Kabla hujafungua kitu kingine chochote, fungua ile faili uliyoiacha nusu.